Spoki Thelathini na Sita

Fomu ina visanduku vinne.
Jina: Kibwana Shemdoe.
Umri: kumi na tisa; mama yake anasema ishirini.
Ulemavu: wa akili. Nimeliandika kwa mkono mwepesi,
kama abishaye hodi mlango wa mgonjwa.
Kazi anayoiweza:

hapo kalamu imekaa tangu adhuhuri.

Miaka kumi na mmoja kwenye kitengo chetu, Makorora,
hapo niliandika "kufagia" bila kuinua kichwa.
Aliyejua kuimba: kufagia.
Mwanakheri, achoraye kuku
hadi ukamwona anataka kutaga: kufagia.
Tukafunga mafagio ya chelewa,
tukawauzia wageni waliokuja kutupiga picha.
Sijui yamefagia nyumba ya nani.

Kibwana alikwama kwenye ishirini.
Vizibo vya soda mezani, kumi na nane, kumi na tisa,
ishirini, kisha anacheka,
anavirudisha koponi
kana kwamba dunia imetosha.

Nikampeleka Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
kwa Fundi Mwinchande wa baiskeli,
mtu asiyependa maneno.
Akamtazama yeye, akanitazama mimi.
"Mwalimu, hapa si pa kulelea."
Nikamwambia, mpe wiki.
Akampa karai la maji na mpira uliotoboka.

Wengine huuchovya na kuutoa. Kibwana aliinama,
akausogeza polepole majini, akasubiri.
Kipovu kimoja, chembamba, kikapanda.
Akakiwekea kidole,
na kidole kikabaki hapo hapo mpaka fundi alipomaliza
kugombana na muuza machungwa juu ya chenji.

Mji huu wanauita waja leo, waondoka leo.
Yeye alikuja Jumatatu. Jumanne akaja tena.

Wiki ya tatu akapewa ringi iliyopinda,
spoki thelathini na sita.
Nilitaka kumnong'oneza fundi habari ya ishirini,
nikaumeza ulimi.
Kibwana hakuhesabu.
Alianzia kwenye valvu: akabana, akagusa,
akabana, akagusa, akaenda nayo
mpaka kidole kikakutana tena na valvu,
akasema, "Nyumbani."
Ringi ikazunguka bila kuyumba.

Sitaki kudanganya.
Mara mbili alilia: mteja alimwita zezeta,
na hakuna somo letu lenye jibu la neno hilo.
Siku moja aliipaka grisi hadi siti.
Siku nyingine hakufika kwao; tukamkuta Mgandini
akimpangia mama mmoja nyanya zake,
kubwa huku, ndogo huku, na mama wa watu ametulia.

Ijumaa ya wiki ya sita fundi akampa soda,
akampiga begani: "Shujaa wangu."
Kibwana akanywa. Akarudisha chupa.
Akabaki amesimama.
Fundi akafunga sanduku la spana. Amesimama.
Mlango wa bati ukashushwa nusu. Amesimama.
Kisha akatoa kiganja cheusi kwa grisi,
akalisema neno tulilolirudia darasani kila asubuhi,
nami nikadhani halikuingia:
"Ujira."

Mwinchande akanigeukia. Nikatazama barabara.
Kama ningelimsemea,
ingekuwa sadaka.

Akatia mkono kwenye mfuko wa ovaroli,
akatoa noti, akasita, akaongeza moja.
Kibwana akazipapasa moja moja,
akazikunja, akazitia kwenye soksi.
"Jumatatu saa mbili," fundi akasema,
akijifanya anatafuta kufuli.

Kisanduku cha nne ni kidogo.
Mkono wangu ulianza na k, u, f,
nikaufuta.
Nimeandika: Fundi baiskeli, anajifunza.
Na chini yake, nje ya mstari: Analipwa.

Jumatatu ni zamu ya Mwanakheri.
Natafuta mchora mabango
asiyependa maneno.